Ramani Yenu Imeupaka Mlima Wangu Nyekundu

Revocatus Luhaga, Fundi Redio,
Mlimani, juu ya Mirongo,
Mwanza.
10 Novemba 1997

Kwa Bwana Mkubwa wa Ramani ya Sura ya Nchi,

Pokea salamu za mtu mwenye bahati kuliko wote Nyamagana. Nimefika Kisumu na Entebbe, nimelala hoteli yenye lifti, lakini sijaona nyumba kama yangu. Ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe la mlima, kubwa kama kanisa. Matofali nilifyatua ya pande tatu tu. Mvua hizi zinazowahangaisha wenzangu, mimi nazisikiliza kama redio.

Ila nina malalamiko.

1. Mmeupaka mlima wangu nyekundu, yaani hatari, bila kuniuliza. Bondeni kwa rafiki yangu Bilali mmepaka bluu, yaani njia ya maji, naye sasa anajitapa kuwa ana kiwanja cha ufukweni.

2. Mpimaji wenu, Bi Teodora, aligonga ukuta wangu kwa kinyundo, akasema, "Shikamoo baba. Hili jiwe limekaa tu, halijashika chini. Hameni." Nikamjibu, "Marahaba. Mbona bosi wako naye amekaa tu, na hakuna anayemhamisha?" Mke wangu Evelina hakucheka. Alimpa uji.

3. Mnasema mteremko uachiwe miti, bonde liachiwe maji, watu tukae kwenye kijani. Safi kabisa! Nilikwenda kuiona hiyo kijani kwa miguu yangu. Ina ukuta, geti, bohari ya mkubwa mmoja na mbwa wawili. Soko huria lilifika huko kabla ya ramani.

4. Kwa hiyo niazimeni ramani hiyo nusu saa. Dukani kwa Lukman rangi ya kijani ipo. Nitapaka Mlimani, nitapaka kwa Bilali, na ikibaki nitapaka hadi katikati ya ziwa, sangara nao wapate viwanja. Kufikia saa sita mchana mji wote utakuwa salama, bila kumhamisha mtu wala mbwa.

Wasalimieni wapimaji, makarani, na mama anayewachemshia chai. Watoto wangu wote wanawasalimu.

Mwananchi wenu mwenye subira,
Revocatus Luhaga

Nyongeza: Kabla sijafika posta, jana jiwe liliteremka, likakaa jikoni, pale pale Evelina anaposongea ugali. Alikuwa ameenda kuteka maji. Tupo kwa shemeji Mkuyuni, watu tisa chumba kimoja. Rangi yenu ni ya kweli, msiifute. Mwahini Bilali, bado anacheka. Na ile bahati niliyojisifia ni uongo mtupu: tangu mvua zianze tulikuwa tunalala tumevaa viatu.