Mpaka Uliopita Kati ya Mbaazi na Mahamri

Vita vya Makadara, Mombasa, pale Kache anapouza mbaazi na mahamri, vilianza na habari aliyoisoma Fahmi kwenye simu: tangu Waingereza wajitoe Umoja wa Ulaya, mpaka wa Ayalandi haujaacha kuwaumiza kichwa.

Asubuhi hiyo zamu ya kuosha vikombe ilikuwa ya Kazungu. Kazungu huongoza wageni Ngome ya Yesu, na kwa kuwa ashapeana mkono na Wazungu wa kila taifa, kijiweni humwita Balozi.

"Basi na mimi nimejitoa umoja wa benchi hili," akasema. "Vikombe vyenu osheni wenyewe."

Fahmi, karani wa bandari ya Kilindini waliyembandika jina la Kontena, akamwuliza ataondoka lini. Balozi akajibu kwamba haendi popote, ajitoaye hujitoa na nchi yake. Akaokota kipande cha mkaa, akachora mstari katikati ya benchi, akaushusha chini na kuupandisha juu ya meza ya Kache. Sufuria ya mbaazi ikawa kwake. Beseni la mahamri likabaki kwa Kontena na mwenzao wa benchi, Mutunga, mfanyakazi wa reli.

Kache akashika kichwa. Mbaazi za nazi hazingoji mkutano. Jua likipanda huchacha, na zikichacha, mwanawe Beryl angekula nini? Akawasihi kwa upole. Kwani ni nani aliyeona mahamri yakioana na hewa? Wapi. Mutunga alishikilia kuwa hamri halivuki bila ushuru, na Kontena akataka mbaazi zikaguliwe punje kwa punje. Wateja wawili wakaja, wakautazama mstari, wakaenda kula kwingine.

Balozi akachovya kidole sufuriani, akakilamba kwa heshima ya taifa. Ng'ambo, Mutunga alikabwa na hamri kavu hadi macho yakamtoka.

Hapo Kache akajitwika beseni, akabeba sufuria kwa leso, akavuka barabara na kupanga upya kivulini.

"Mama Beryl, wapi tena?" Balozi akamwita.

"Nami nimejitoa. Wanangu, kabla mtu hajagawa uwanja, na aulize kwanza chungu kitabaki kwa nani."

Kontena akauliza, kwa sauti ndogo, kama huko kwake watu huingia kwa pasipoti.

"Mwenye njaa na aje," akasema Kache. "Mwenye nchi na abaki ailinde."

Nchi zote mbili zikavuka barabara mbiombio, almanusura tukutuku izigonge, Balozi akiwa mbele.