Mimi na Nyuzi Zangu Nane

Jumatatu, 3 Machi

Gitaa limefika! Niliandike hapa mapema, kabla watu hawajaanza kulisema. Gitaa la umeme, jeusi, la kung'aa. Nyuzi nane. Si sita kama magitaa ya watu wengine. Nane!

Sababu ninayo. Meneja wa hoteli tunakopiga kila mwisho wa wiki amekata jukwaa ili aongeze meza. Kuanzia mwezi ujao anataka wanamuziki wanne. Sisi ni watano. Shemeji, yaani kaka wa mke wangu, ndiye mwimbaji na kiongozi wa bendi, na amesema atatoa uamuzi baada ya harusi ya Jumamosi. Mpiga dramu hatoki, hakuna ngoma bila dramu. Mpiga kinanda hatoki, vipaza sauti vyote ni vyake. Tumebaki mpiga besi na mimi.

Mpiga besi tunamwita Kimya. Hasemi. Anafika mapema, anachomeka, anapiga, anakunja waya wake, anaondoka. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Mimi naitwa Solo, kwa sababu napiga gitaa la solo. Lakini jina hilo linaishia jukwaani. Kwenye duka la dobi ninakofanya kazi mimi ni "wewe wa pasi". Nikitolewa kwenye bendi nitakuwa wewe wa pasi Jumatatu hadi Jumapili, mpaka nizeeke. Sikubali!

Kwa hiyo hesabu ni hii. Nyuzi sita za kawaida, na nyembamba zake ndizo zinazolia solo. Juu yake zimeongezwa mbili nene, na hizo ndizo besi. Mtu mmoja, kazi mbili. Kimya aende salama.

Gitaa la zamani nimemwachia muuzaji liwe sehemu ya bei. Hakuna kurudi nyuma. Mke wangu alilitazama hili jipya, akauliza kama meza ya pasi ya kazini hainitoshi mpaka nimeleta nyingine nyumbani. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Maoni ya kwanza, kwa haki na bila upendeleo.

Ni zito. Mkanda umeniachia alama begani. Shingo ni pana, vidole vyangu vinafika ng'ambo vikiwa hoi. Mfuko wa gitaa la zamani haulitoshi, kichwa kinachungulia nje. Njiani mzee mmoja aliniuliza nauza mbao bei gani. Uzi mnene kuliko wote umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiupiga husikii noti, unasikia dirisha likitetemeka. Amplifaya yangu ndogo ilikohoa, ikanuka.

Na vile vyuma vya shingoni vimelala upande! Vya mwanzo vinaelekea huku, vya mwisho vinaelekea kule. Nikajua nimeuziwa bovu. Muda wa chakula nikakimbia dukani. Nikamwambia muuzaji kwamba mimi hata kola ya shati sijawahi kuipinda hivyo, na kola ni kitambaa. Akanieleza taratibu kwamba vimewekwa hivyo makusudi. Uzi mnene unataka urefu, mwembamba unataka ufupi, ndiyo maana vyuma vimetanuka kama vidole vya mkono. Kulikuwa na wateja wanasikiliza. Nikamwambia nilijua. Nilikuwa nampima.

Kwa jumla, gitaa bora kabisa. Sibanduki hapo.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo dogo. La kiufundi.

Maisha yangu yote nimepiga bila kutazama. Kidole gumba kinagusa ukingo wa juu wa shingo, uzi wa kwanza ninaoukuta ndio nyumbani, kwingine kote njia naijua. Ni kama mtu anayepanda ngazi gizani, mlango wa kwanza ndio wake. Sasa wameongeza milango miwili kabla ya wangu. Kila nikiingia, nimeingia kwa jirani. Wimbo wa maharusi kuingia ukumbini, ambao naupiga hata nikisinzia, leo umetoka kama kabati linaburutwa.

Mke wangu alitoka jikoni kuuliza nini kimeanguka.

Dawa nikaipata. Nilizifunga zile mbili nene kwa mpira wa nywele wa mke wangu. Zikanyamaza! Nikapiga kama zamani, raha mustarehe. Halafu nikakumbuka kwamba gitaa la nyuzi nane lenye mbili zilizofungwa ni gitaa la nyuzi sita lenye uzito wa bure. Mpira nikautoa. Mke wangu aliutafuta nyumba nzima. Nilimsaidia kuutafuta.

Kazini nafanya mazoezi ya vidole juu ya meza ya pasi. Bosi, mama mmoja anayeiona kunyanzi kutoka ng'ambo ya barabara, aliuliza shati la watu limenikosea nini hata nalitekenya. Nikasema natoa vumbi.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya bendi. Nilichelewa makusudi ili niingie watu wameshakaa. Mpiga dramu alihesabu nyuzi kwa sauti. Mpiga kinanda akauliza kama zile nyingine ni za akiba. Kimya alilitazama gitaa, akavitazama vidole vyangu, akatikisa kichwa kidogo. Kukubali au kusikitika? Huyo hasomeki.

Tukaanza. Yeye besi, mimi besi na solo. Shemeji alisimamisha wimbo kabla hata hajafungua mdomo kuimba. Alisema tunasikika kama watu wawili ndani ya suruali moja. Nikakubaliana naye kabisa! Nikasema basi mmoja avue. Akaniambia zile nene nimwachie mwenyewe. Nikamuuliza mwenyewe ni nani, wakati nyuzi ziko kwangu. Akasema tuanze upya, mimi nipige solo tu, na nikiweza nipige ile tuliyozoea.

Nimeelewa. Gitaa halina kosa. Mimi sina kosa. Kimya ananizibia. Siku asipokuwepo ndipo watu watasikia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya jambo. Si jambo baya. Ni jambo la kisanii.

Jana baada ya mazoezi nilijitolea kukunja nyaya. Kila mmoja ana wake. Wa Kimya una utepe mwekundu kwenye ncha. Waya wa akiba bendi haina tangu mpiga dramu alipoufungia godoro siku anahama. Basi waya wa Kimya ukakunjwa vizuri sana, ukaingia ndani ya koti langu.

Leo kazini nimeuficha katikati ya vitambaa vya meza vilivyokunjwa kwenye rafu ya mwisho, kule kwa nguo zisizo na haraka. Jumatatu nitauokota mahali fulani mbele ya watu, nishukuriwe.

Hakuna anayeumia. Besi litapumzika jioni moja. Shemeji atasikia kazi ya watu wawili ikitoka kwa mtu mmoja, na meneja atakuwepo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimetulia. Nimetulia kabisa.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda sawasawa. Ukumbi wa hoteli ulijaa. Meneja alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, anatupima mmoja mmoja. Kimya akafungua mfuko wake, akapapasa. Akapapasa tena. Akamwonyesha Shemeji mikono mitupu. Shemeji akaanza kufoka. Nikasogea mbele nikasema bendi isihangaike, besi ninalo humu humu. Shemeji akanipisha. Hakuwa na jinsi.

Nikachomeka kwenye spika kubwa za ukumbi. Nilikuwa sijawahi kulijaribu kwenye spika kubwa.

Bibi harusi akatokea mlangoni. Watu wakasimama. Shemeji akaniashiria. Kidole gumba changu, kidole nilichozaliwa nacho, kikaenda ukingoni, kikakuta uzi wa kwanza, kikaona kimefika nyumbani.

Ngurumo! Vioo vya madirisha vikaitikia. Glasi zikaanza kutembea kwenye sinia la mhudumu. Bibi mmoja wa meza ya mbele akamwita mwanawe amtoe nje, akisema ardhi inatikisika. Bibi harusi akasimama, akageuka, akatoka. Alitoka nje! Nikasema narekebisha. Nikainama kutazama shingo, nikaona vyuma vimelala upande, nikapotea moja kwa moja. Kila nilikogusa ni kwa jirani. Spika moja ikakwaruza, ikazimika.

Ndipo Kimya aliponisogelea. Aliinama, akachomoa waya kwenye gitaa langu, akauchomeka kwenye besi lake. Akapiga. Wimbo ule ule, peke yake, taratibu, hata ile sehemu yangu ya solo akaipitia, kwa nyuzi zake nne. Bibi harusi akaingia. Makofi yakaezua paa.

Lakini mimi sikushuka. Hilo liandikwe! Nilisimama pale pale nikapiga mpaka sherehe ikaisha, bila waya. Hakuna aliyesikia. Sijawahi kupiga vizuri hivyo.

Wakati wa kukusanya vyombo Kimya aliniambia pole. Wiki nzima hajanena, na neno lenyewe ndilo hilo. Liliniuma kuliko kucheka kwa mpiga dramu.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja asubuhi. Begani amening'iniza waya wenye utepe mwekundu. Meneja aliukuta ndani ya kitambaa cha meza, kwenye mzigo uliotoka kwa dobi. Kumbe vile vitambaa vilikuwa vya hoteli! Nani anaweka mzigo wa hoteli rafu ya mwisho? Huo ni uzembe, na Bosi ataambiwa.

Shemeji hakufoka. Angefoka ningejua pa kuanzia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakataa chai, akanieleza polepole. Kimya alishaomba kuacha bendi tangu mwezi uliopita. Mgongo unamsumbua, besi linamlemea. Harusi ya jana ilikuwa ya kuagia, na alitaka isitangazwe kwa sababu hapendi kutazamwa. Kwa hiyo nafasi ilikuwa yangu. Ningekaa tu na gitaa langu la zamani, nisifanye lolote, ilikuwa yangu. Sasa meneja anasema anamtaka yule wa nyuzi nne, na yule mwenye ubao asikanyage hotelini kwake.

Niliumia. Naliandika mara moja na sirudii. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya ndoo, nikajiona nimeshika pasi mpaka siku ya kufa, na hakuna mtu anayeniita Solo.

Mke wangu alinifuata huko, akasema mtaka yote hukosa yote. Nikamwambia methali hizo zilitungwa na watu wa nyuzi sita.

Na jambo lenyewe litazamwe kwa haki. Mtu anaacha kazi, hamwambii mwenzake! Angefungua mdomo siku moja tu, yote haya yangetoka wapi? Ndiyo maana siwaamini watu wasiosema.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu alikwenda kwa kaka yake. Sikumtuma. Alirudi naye jioni, wote wawili wamenuna kwa namna moja. Ni wa tumbo moja hao.

Habari ni hizi. Kimya amekwenda mwenyewe kwa meneja, na amezungumza! Sentensi nzima nzima! Alimwambia hatabaki, mgongo ni mgongo. Akamwambia pia kwamba Solo akishika nyuzi sita hana mpinzani mji huu, na kwamba Jumamosi lilikuwa kosa la gitaa geni. Nimelifikiria hilo sana. Sijui huyu mtu anatafuta nini kwangu.

Meneja amekubali kwa shingo upande. Besi litapigwa na mpiga kinanda kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto! Mtu asiyeweza hata kushika kikombe nao! Lakini nilinyamaza, kwa sababu Shemeji alikuwa bado hajamaliza.

Aliweka masharti mbele ya dada yake. Kwanza nimwombe Kimya radhi. Nimekwenda, nimeomba. Alinishika mkono, akanikaribisha chai, tukanywa bila neno. Nusura nilie, lakini chai ilikuwa ya moto, hiyo ndiyo sababu.

Sharti la pili: nikipanda jukwaani Ijumaa, gitaa langu liwe na nyuzi sita. Sita, hata moja isizidi. Alinionyesha kwa vidole, kama anamfundisha mtoto. Nikaapa. Mke wangu ni shahidi. Nimerudi bendini! Naitwa Solo tena!

Mimi kiapo nakiheshimu. Sasa hivi nimekaa na koleo, nimelegeza na kutoa nyuzi mbili. Zimebaki sita, anayetaka aje ahesabu. Shemeji hakusema nitoe zipi. Nimetoa zile nyembamba.