Kipande cha Mwisho cha Mheshimiwa Meya

Kwa furaha kubwa, na baada ya vikao ambavyo chai yake peke yake ingetosha kuogesha ng'ombe, Manispaa ya Nishitori, jirani na Osaka, ilitangaza kwamba tatizo kubwa kuliko yote yanayowasumbua wakazi wake limepatiwa ufumbuzi. Tatizo lenyewe si mto unaofurika kila mwaka, wala hospitali iliyofungwa. Ni kile kipande kimoja cha nyama kinachobaki kwenye sahani wakati kila aliyepo mezani anakitaka na hakuna anayekigusa.

Hakuna mtu wa Nishitori asiyekijua. Mnakwenda kula nyama ya kuchoma, mmelipa bei moja ya kula mpaka mshibe, na mmepewa dakika tisini. Jiko la makaa liko katikati ya meza. Mnachoma, mnageuza, mnachovya kwenye mchuzi, mnakula kama watu waliotoka jela asubuhi hiyo. Kisha kinabaki kimoja. Ghafla wote mmeshiba. Mmoja anaisifu kabichi. Mwingine anakumbuka kuuliza hali ya mama mkwe wako. Kipande kinakauka pale kwa heshima zote mpaka kengele inalia, halafu kinatupwa. Watu wa huko wanakiita kipande cha haya.

Manispaa ilipiga hesabu ya haya hiyo ikashtuka. Ikaunda Idara ya Vipande vya Mwisho, ikaipa mkurugenzi, ikampa mkurugenzi gari, na idara ikazaa Kanuni. Kanuni ilisema hivi: kila meza, kabla ya moto kuwashwa, itamteua Mlaji wa Mwisho, naye atavaa kitambaa cha njano mkononi. Kengele ikilia, Mlaji atakula kipande kilichobaki mbele ya mashahidi. Watu wa meza itakayoacha kipande watafungiwa kuchoma nyama katika mgahawa wowote wa mji kwa mwaka mzima.

Bi Nishiwaki Fusae aliisikia habari hiyo redioni akiwa anamenya tangawizi, akacheka mpaka akajikata kidole. Mumewe, Iwao, ndiye aliyekuwa idara hiyo. Iwao alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa mikono mikubwa na haya kidogo. Kipande kikibaki, alikuwa anasema, "Jamani, huyu ng'ombe ametoka mbali," kisha anakitia kinywani. Meza nzima inapumua. Watu wanamwita mlafi, wanacheka, wanaagiza sahani nyingine. Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote bila gari la serikali.

Iwao alifariki majira ya mvua. Tangu hapo, kila tarehe ishirini na tisa, ambayo kwa watu wa nyama ni siku yao, maana kwa lugha ya huko namba hizo zikisomwa husikika kama neno "nyama", Fusae alikwenda peke yake mchana kwenye mgahawa wa Hinotama, akalipia watu wawili, akakaa kwenye meza yao ileile ya dirishani. Alichoma, alikula sehemu yake, na kipande kimoja cha ulimi alikiweka kwenye sahani iliyokuwa mbele ya kiti kitupu. Hakulia. Alikaa tu mpaka kengele ilie, kisha akaenda nyumbani. Ni hilo tu alilobakiwa nalo, na hakuwa na nia ya kulipeleka kwa mkurugenzi yeyote.

Kwa bahati ya serikali, ambayo hupenda kufika mahali siku isiyotakiwa, uzinduzi wa Kanuni ulipangwa kufanyika Hinotama, tarehe ishirini na tisa, mchana.

"Shoga, leo rudi nyumbani," Bi Kaneda, mwenye mgahawa, alimnong'oneza mlangoni. "Wakubwa wamejaa humo ndani. Wamefunga utepe hadi kwenye friji yangu ya nyama."

"Leo ni tarehe yetu."

"Najua. Lakini wakikuta umeacha kile kipande watakufungia mwaka mzima. Mwaka, Fusae! Utachoma nini, samaki?"

"Wanifungie nikiwa nimekaa."

"Wewe na marehemu mlipewa kichwa kigumu kimoja mkagawana," alisema Bi Kaneda, akamfungulia mlango.

Ndani, meza ndefu ya katikati ilikuwa ya waheshimiwa. Mkurugenzi Domoto wa Vipande vya Mwisho alikaa upande wa heshima, karibu naye wakuu wa idara nyingine, kila mmoja na jina lake kifuani ili wasisahauliane. Mwandishi wa gazeti la mji alikuwa amesimama na kamera. Hotuba ilikuwa imekwisha, na moto ulikuwa umewashwa. Jambo moja tu lilikuwa limebaki, nalo ni kumteua Mlaji wa Mwisho wa meza hiyo. Domoto alimpendekeza mkuu wa Maji Taka. Mkuu wa Maji Taka alisema hastahili mbele ya mkuu wa Bustani. Mkuu wa Bustani aliinama mpaka tai yake ikaingia kwenye mchuzi, akamrudishia Domoto. Wakakubaliana kwamba suala hilo lina uzito wake, na kwamba litashughulikiwa baada ya kula.

Fusae alikula polepole. Kipande cha ulimi alikiweka kwenye sahani ya mumewe kikiwa bado kinatoa mvuke. Ndipo akaja Afisa Kusunoki, mkaguzi wa idara, kijana nadhifu aliyeiamini Kanuni kwa moyo wote, jambo ambalo hata walioitunga hawakuwa wamelifikiria.

"Shikamoo, mama. Mlaji wa Mwisho wa meza hii ni nani?"

"Marahaba. Ni mume wangu."

"Hongereni kwa kufuata utaratibu. Yuko wapi?"

"Kule kilimani, nyuma ya hekalu."

Kusunoki alitazama saa ya ukutani. "Atarudi kabla ya kengele?"

"Sidhani, mwanangu. Amezikwa."

Mkaguzi alifikiri. Alikitazama kiti kitupu, akainama kidogo kwa heshima. "Lakini amelipiwa?"

"Amelipiwa. Kila mwezi."

"Basi ni mlaji halali," alisema Kusunoki kwa huzuni ya kweli. "Na mlaji halali hajamaliza chakula chake. Samahani sana, mama. Ama yeye ale, ama nyote wawili mfungiwe."

"Mwambie basi," alisema Fusae. "Mimi nilimwambia mengi miaka yote ile na hakusikia. Pengine wewe una sauti ya serikali."

Bi Kaneda alicheka kwa nguvu kule jikoni. Watu wakageuka, na kamera ya gazeti nayo ikageuka. Mkurugenzi Domoto aliona kamera, akaona mjane, na hapohapo huruma ikamshika mbele ya watu wote. Alisimama, akafuta midomo, akaja.

"Mama yetu," alisema, akiitazama kamera, "serikali hii haina moyo wa jiwe. Kuanzia sasa, natamka: kipande kinachoachiwa mtu aliyeshindwa kufika mezani kitahesabiwa kuwa ni cha marehemu, na watu wa meza hiyo hawatafungiwa. Afisa, andika hapo."

"Nitakitofautishaje na kipande cha haya, Mkurugenzi?"

"Weka alama. Bakuli la wali, vijiti vya kulia vichomekwe wima."

Vijiti vilivyosimama kwenye wali ni vya mazishi. Watoto huchapwa mkono kwa kufanya hivyo mezani, na Bi Kaneda, aliyechapwa sana utotoni, aliuficha mkono wake nyuma. Lakini amri ilikuwa amri. Kusunoki alileta wali, akavichomeka vijiti kwa unyenyekevu, akaunganisha viganja. Watu wakapiga makofi. Fusae hakuvipenda vile vijiti. Iwao alikuwa anakula wali kwa kijiko. Hata hivyo, aliruhusiwa kukaa, akakaa.

Waheshimiwa wakarudi kwenye nyama yao. Zilikuja mbavu, ukaja utumbo, zikaja mbavu tena. Mkuu wa Maji Taka alilegeza mkanda. Kisha, juu ya wavu wa jiko lao, ikabaki mbavu moja.

"Mkurugenzi, tafadhali," alisema mkuu wa Maji Taka.

"Hapana, hapana. Wewe ndiye unayefanya kazi nzito."

"Mimi nimeshiba tangu jana. Labda Bustani."

"Mimi? Mbele yenu?" Mkuu wa Bustani aliifunika tai yake kwa mkono. "Kabichi hii ni nzuri sana, lakini. Mmeionja?"

Wote wakaionja kabichi. Mbavu ikaanza kutoa moshi. Mkuu wa Maji Taka akamwuliza mwenzake hali ya mama mkwe. Mama mkwe alikuwa mzima. Mbavu ikawa nyeusi upande mmoja, na kwa kuwa kuigeuza kungeonekana kama kuitamani, ikaachwa.

Kengele ikalia.

Kusunoki alikuwa amesimama pale. "Wakubwa zangu, Mlaji wa Mwisho wa meza hii ni nani?"

Kamera ilikuwa inawatazama. Mkurugenzi Domoto aliona mwaka mzima bila nyama, na juu yake akaona gari lake likirudishwa, basi akasema neno la kwanza lililomjia.

"Hicho? Hicho tumemwachia Mheshimiwa Meya. Alitaka sana kufika, akashindwa."

Uso wa Kusunoki ulibadilika. Alivua kofia. Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la wali, akaliweka mbele ya ile mbavu, akachomeka vijiti wima, akaunganisha viganja.

"Poleni sana," alisema. "Sikuwa na habari."

"Subiri, Afisa..."

Kamera ikawaka.

Kukanusha kungekuwa kukiri kwamba kipande ni cha haya. Mkurugenzi Domoto alipima mambo mawili, yaani uhai wa Meya na gari lake, akainamisha kichwa. Wakuu wengine, wakiona mkubwa wao ameinama, wakainama pia.

Chai ya Fusae ilikuwa haijapoa gazeti lilipotoa habari kwenye mtandao. Mashada ya maua yakaanza kufika kwenye ofisi za manispaa. Chama cha upinzani kilimsifu Meya kwa maneno ambayo hakikuwahi kuyatumia. Naibu wake alijaribu kiti chake, kwa majonzi. Bi Kaneda, aliyehitaji ile meza ndefu kwa wateja wengine, aliuliza nyama ya marehemu aipeleke wapi. Kusunoki alishauri marehemu wote wakae pamoja. Hivyo sahani ya Meya ikahamishiwa kwa Fusae, kando ya sahani ya Iwao.

"Umepata mwenzio," Fusae alikiambia kiti kitupu. "Usimnyang'anye chakula. Ni mtu mkubwa."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliingia Meya Urabe, nywele zinachuruzika maji, vazi la nyumba ya maji moto likiwa limefungwa upande upande. Alikuwa amejilaza kwenye maji mke wake alipompigia simu kumwuliza amekufa saa ngapi.

"Nani ameniua?" alinguruma.

Wakuu wote walimwonyesha Domoto. Domoto alimwonyesha Kusunoki. Kusunoki aliionyesha Kanuni.

"Naifuta!" alisema Meya. "Sasa hivi! Leteni kalamu!"

"Mheshimiwa, samahani sana," alisema Kusunoki. "Marehemu hasaini."

"Nimesimama mbele yako!"

"Nakuona, Mheshimiwa, na nimefurahi mno. Lakini kipande chako hakijaliwa. Ukikila, maana yake ulifika mezani. Aliyefika si marehemu."

Meya alivitazama vipande viwili mezani. Kimoja kilikuwa ulimi, laini, rangi yake nzuri. Kingine kilikuwa mkaa mtupu. Akanyoosha mkono kwenye ulimi. Fusae akamgonga vidole kwa koleo.

"Hicho kina mwenyewe. Chako ni hicho cheusi."

"Mama, unajua mimi ni nani?"

"Najua. Wewe ndiye marehemu wa kushoto."

Meya wa Nishitori akala mbavu yake mbele ya mashahidi. Ilikatika kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. Machozi yakamtoka, na wakuu wake, wakiona analia, wakalia. Kisha akaletewa kalamu, akaifuta Kanuni huku meno yake yakiwa meusi, na Kusunoki akamrudishia uhai wake kwa kumwinamia.

"Na mumeo?" Meya aliuliza, akisukutua kwa chai. "Cha kwake atakila lini?"

"Iwao?" Fusae alikitazama kile kipande cha ulimi. "Mheshimiwa, Iwao angekuwepo, hicho chako angeshakila zamani, na sisi sote tungekuwa majumbani kwetu."

Bi Kaneda akaleta sahani ya mbavu, zawadi ya kumpongeza Meya kwa kufufuka. Waheshimiwa wakajibana kuizunguka meza ya dirishani, wakaacha wazi kile kiti kimoja. Wakachoma, wakala, wakacheka kwa sauti za watu walioponea chupuchupu. Kisha ikabaki mbavu moja.

Domoto alichunguza dari. Mkuu wa Bustani alishika tai yake. Kusunoki, ambaye sasa hakuwa na Kanuni ya kumshika mkono, alikodoa macho kama mtoto aliyepotea sokoni. Mheshimiwa Meya alikohoa, akavuta bakuli karibu.

"Kabichi hii," alisema, "ni nzuri sana."

Fusae alivichomoa vile vijiti vya wima kwenye wali wa mumewe, akavifuta kwa kitambaa. Akanyoosha mkono mbele ya serikali nzima, akaichukua ile mbavu.

"Jamani," alisema, "huyu ng'ombe ametoka mbali."

Akaitia kinywani. Na meza nzima ikapumua.