Moyo Wangu Umepata Thelathini

Jumatatu, 4 Novemba

Moyo wangu umefeli. Si maneno yangu, ni ya mama mkwe. Tangu nimzae Mahrukh nahema kama niliyefukuzwa na mbwa, miguu ilivimba, na picha ya moyo ikatoa asilimia thelathini. Hapa mjini Sahiwal kila mtoto wa shule anajua kufaulu ni thelathini na tatu. Alama tatu tu!

Daktari Farzana alikataza vitu vizito. Mama mkwe kaamua Mahrukh ni kitu kizito. Mwanangu sasa analala kwa wifi Nusrat. Mimi naletewa nimbusu, kama mgeni.

Wifi naye kaenda kupimwa, eti kifua kinamchoma. Sitini! Daraja la kwanza! Kamtangazia mpaka muuza maziwa.

Picha ya marudio ni Jumamosi. Lazima nifaulu, nimrudishe mwanangu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemtuma mume wangu Tanvir kwa fundi wa picha za moyo na boksi la barfi, vile vitamu vya maziwa na sukari, aniombee alama za huruma, kama zile nilizopewa kwenye hesabu. Karudi mikono mitupu. Fundi kala, kisha kasema mashine haijui huruma. Tanvir naye kala. Nimeona sukari kwenye masharubu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango wa uhakika! Binamu yangu alifanyiwa mtihani wa Kiingereza na dada yake, ndani ya burka, uso umefunikwa, na akafaulu. Moyo je? Nimemwomba wifi aingie kwa jina langu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza, we wifi, hata moyo unataka kuibia? Kisha akakubali, kwa malipo ya bangili zangu za kijani.

Nimesherehekea kwa achari ya embe. Chumvi nimekatazwa, najua. Kipande kimoja. Haya, vitatu.

Jumamosi, 9 Novemba

Aibu! Wifi kaingia na burka yake, mimi nikatega masikio mlangoni. Sitini tena! Fundi kashtuka, kamwita daktari. Daktari Farzana akaanza kumhoji juu ya mtoto. Wifi akajibu yote bila kukwama. Jino la kwanza linachungulia. Mwanangu halali, akasema, mpaka nimpigepige mgongoni.

Mwanangu!

Niliingia kama upepo. Nikapiga kelele kwamba mama yake ni mimi, na moyo mbovu ni wangu pia.

Daktari alikuwa mwekundu kwa hasira. Akasema angeamini ile sitini angenipunguzia dawa, na ningerudi kwake nimebebwa, sipumui. Kisha akashusha sauti. Akasema huu si mtihani, bibi. Moyo ukijaa damu hausukumi yote nje. Hata moyo mzima hutoa nusu na zaidi kidogo kila pigo, nyingine hubaki. Sitini ni kawaida. Mia hapati mtu. Wangu ulikuwa unatoa thelathini kwa sababu umelegea, si kwa sababu ni mjinga.

Nikapigwa picha, mimi mwenyewe safari hii. Arobaini na mbili! Dawa zinafanya kazi, akasema, nisiache hata nikijiona mzima. Chumvi kidogo, mizani kila asubuhi. Nilinyamaza kuhusu achari. Mizani haikunyamaza.

Nikauliza kama naruhusiwa kumbeba Mahrukh. Akashangaa. Mtoto si gunia la ngano, akasema. Mbebe, ukichoka kaa.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika kwa mkono mmoja. Mahrukh yuko begani, kanitemea maziwa shingoni. Sijifuti. Usiku alilia kidogo tu, nikampigapiga mgongoni, akalala. Kumbe wifi alisema kweli. Bangili kakataa kurudisha.

Maelezo ya daktari nimeyaelewa vizuri sana. Si mtihani. Ila wifi tangu asubuhi ananiita Daraja la Tatu, na la pili linaanza arobaini na tano. Alama tatu tu! Na kila mtu anajua karatasi ya mtihani ikiombewa husahihishwa upya.

Tanvir kaenda kununua barfi. Safari hii boksi nimesema lifungwe kwa kamba.