Bwana Harusi wa Kwenye Jalada

Jamani, nilizima simu tangu saa nane mchana kwa aibu. Nimeiwasha sasa hivi ili mnisikie mimi kwanza, kabla picha hazijawafikia.

Leo kaka yangu Olivier alikuwa na gusaba kule Gahanga, yaani tunaenda kumwomba Claudine kwa wazee wake. Amemngoja miaka minne. Vijitabu vya ratiba nikasema niachieni mimi, maana nina programu mpya: inasafisha picha, inachora mapambo, inapanga kurasa, yote humo humo. Zile tatu za zamani nilishazifuta kwa dharau.

"Sha, tumia zile unazozijua," Olivier akaniambia juzi asubuhi.

Nikacheka. (Mtaalamu anaonywa?)

Kwenye picha ya jalada, yeye na Claudine wakicheka, kola ya suti yake ilikuwa imepinda, nikainyoosha. Halafu, katika kuchezacheza, nikabandika sura yangu juu ya yake nione suti ile ingenikaaje. (Ilinikaa vizuri mno.) Nikarudi kwenye kurasa, nikakagua majina ya wazee herufi kwa herufi, nikatuma kwa mchapaji.

Nilichosahau ni kwamba humo ndani picha ni moja tu. Ukiigusa huku, na kwenye jalada inabadilika yenyewe. Zamani ningelazimika kuiingiza upya kwa mkono, na hapo ningeshtuka!

Tulichukua vijitabu vikiwa vimefungwa, tukavigawa hemani. Sasa, kwenye gusaba, msemaji wa upande wa binti hutafuta kila kisingizio cha kuwanyima mchumba, mpaka mtoke jasho. Ni utani, lakini lazima mjibu. Msemaji wao, mzee aliyekulia Bujumbura, akavaa miwani, akatazama jalada, akamtazama Olivier, akarudi kwenye jalada.

"Wageni wetu, mumechelewa. Binti iko na bwana yake tayari. Iko hapa kwa kitabu, wanacheka pamoja."

Hema zima likatazama vijitabu.

"Mana yanjye!" Huyo ni mama yangu, akimwita Mungu wake.

"Huyu kijana iko wapi? Asimame!" mzee akasema.

Nikasimama. Msemaji wetu, anayesifiwa kwa ulimi wake, alikuwa akipekua kijitabu kana kwamba jibu limo humo. Olivier alikuwa amekunja ngumi, na hapo niliogopa kweli.

"Sema mbele ya watu: unamuacha ama haumuachi?"

"Namwacha, mzee! Simtaki kabisa!"

Nikadhani nimemwokoa kaka. Nyanya yake Claudine akainuka kwenye kiti.

"Haumtaki? Mutoto wetu iko na kasoro gani?"

"Hana kasoro, nyanya! Namtaka!"

Hema likalipuka. Hata ndani ya nyumba, walikomficha, nilimsikia Claudine akicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Basi msemaji wetu akasimama, akaomba radhi, akaahidi ng'ombe mmoja wa nyongeza. Ndipo Claudine akatolewa. Akapita mbele yangu, akanong'ona, "Suti imekupendeza, shemeji."

Olivier amenisamehe, nusu. Kadi za kanisani amesema zitaandikwa kwa kalamu, na mimi nimepangiwa kazi ya kusimamia magari, nje ya geti. Tafadhali, anayetaka kucheka azime simu yake kwanza.