Mchezo wa Nyoka Kipofu pale Ndosho

Leo nimeaibika mahali ambapo mtu hata kukohoa anaogopa. Mnaonijua, someni mkiwa mmekaa.

Mimi ni katibu wa chama chetu cha Ndosho, hapa Goma: wanaume sita wa chukudu (zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo) na akina mama watano wauza viazi. Siku hizi hawasalimiani. Akina mama wanasema viazi vinafika vimepondeka. Wanaume wanasema chukudu haina injini, basi magunia yapunguzwe. Asubuhi ya leo walikutana ili wavunje chama. Nami, baada ya miaka ishirini ya kuzunguka, Vitshumbi, Bukavu, Kisangani, hapa ndipo watu waliponiwekea kiti. Chama kikifa, nafunga begi tena.

Nikawaambia, "Kabla ya kutengana, tucheze kidogo."

"Kucheza?" akauliza Papa Kambale, mkubwa wa chukudu. "Muzee na ndevu zake?"

Niliwafundisha Nyoka Kipofu, mchezo tuliocheza shuleni Rutshuru (wakati huo nilikuwa na magoti). Mnasimama mstari mmoja, macho yamefungwa kwa kitambaa, mikono mabegani mwa aliye mbele. Wa mwisho peke yake ndiye anayeona. Akigusa bega la kulia, ishara inapita mtu hadi mtu, kichwa kinageuka kulia. Anayesema neno au kuchungulia amewaangusha wote. Niliwaapisha. Mama Sifa, mwenyekiti, akawa mkia. Mimi nikawa kichwa.

Tukatoka barabarani. Ukungu ulikuwa umechanganyika na moshi wa mlima wa volkano, mzito hata mate yalikuwa na ladha ya chuma. Mwanzoni tulikwenda vizuri. Kulia. Kushoto. Nilisikia nyayo zetu juu ya mawe meusi, nikafurahi.

Halafu mikono ikaondoka mabegani mwangu.

Nikasimama. Hakuna aliyesema. Hakuna pikipiki, hakuna redio, hata mbuzi. Ndosho nzima ilikuwa kama imezimwa. Nikanyoosha mikono mbele, nikagusa mgongo. Nikaelewa: nyoka amejizungusha, nimeushika mkia wake! (Mgongo ulikuwa na koti zito. Mama Sifa hakuvaa koti. Nikajiambia ni baridi.)

Tukatembea. Nyayo zilikuwa tofauti na zetu za mwanzo, nzito, za pamoja, kama za mnyama mmoja mwenye miguu mingi. Nikasikia harufu ya mbao mbichi na mishumaa. Mkono baridi, mwepesi, ukatua begani mwangu. Sauti ya kike, ya uzee, nisiyoijua, ikaninong'oneza sikioni:

"Pole, papa. Tembea polepole."

Nywele zilinisimama. Lakini kiapo ni kiapo. Nikichungulia mimi, chama kimekwisha. Karibu yangu mtu alianza kulia kwa kwikwi. Nikawaza, mchezo umewagusa mioyo.

Njia ikapanda. Miguu ikaanza kuzama kwenye udongo laini. Kisha wote wakasimama, kimya, na upepo wa baridi ukanipanda usoni kutoka chini, kama kuna mlango umefunguliwa ardhini.

Nikavua kitambaa, nikapiga makofi. "Bravo! Tumeshinda!"

Mbele yangu lilikuwa kaburi. Kando yake sanduku. Kuzunguka, watu wanane nisiowajua, wote wakiniangalia.

Yule mama mzee bado alikuwa amenishika bega. "Tuliwaza uko na ugonjwa ya macho," akasema taratibu. "Tukasema, mugonjwa na bado amekuja. Tukakuweka nyuma ya sanduku, pa ndugu. Uko nani yake, papa?"

Nikasema simjui hata jina. Marehemu, wakaniambia, alikuwa msafiri. Hakuwa na ndugu Goma. Nikaona haya hadi kwenye kucha.

Ndipo ukungu ukafunguka na watu wangu wakatokea, wote kumi na mmoja, kofia mkononi, wameshikana mabega wasipoteane. Kumbe msafara wa msiba ulipopita, Mama Sifa aliwasimamisha, wakavua vitambaa, kama inavyotakiwa. Mimi peke yangu niliendelea.

"Mbona hamkuniita?" nikamnong'oneza Kambale.

"Kuita jina la mutu iko hai mbele ya sanduku? Unataka ufuate maiti?"

Mama Sifa alitazama watu wanane na makoleo mawili, akapanga zamu: mwanaume mmoja, mama mmoja, wakipokezana. Wakashusha, wakafukia, wakasawazisha mawe. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mama wa viazi alimfuta Kambale jasho kwa khanga yake.

Tuliporudi, Mama Sifa akaitisha kura. Chama kinaendelea: wote mikono juu. Ajenda ya pili, katibu asiongoze tena mchezo wowote: wote mikono juu, haraka zaidi.

Na mimi niliinua wangu. Msinicheke: nimemwona yule msafiri asiye na ndugu, na bado naogopa kufumba macho ugenini.