Ugonjwa Wangu wa Kumrudisha Wendy

Jumatatu, 17 Novemba
Nimeomba kama kila asubuhi: Mungu, mlete binti yangu Wendy nyumbani Endarasha. Nikapika chai ya watu wawili. Kikombe chake nikakinywa mwenyewe, kikiwa baridi. Yeye anauza mchele Wang'uru. Ati wakati wa mavuno hakuna kupumzika.

Jirani yangu Watiri naye anamwombea mtoto wake Mwai, aliyeenda akanyamaza. Anaimba akikamua ng'ombe, kama mtu aliyejibiwa. Hajajibiwa!

Jumanne, 18 Novemba
Nimechoka kungoja. Mungu pia anahitaji msaidizi. Nimeambia akina mama wa kanisa niko mgonjwa sana. Habari ya kanisa hufika Wang'uru kabla ya gari. Simu nimezima. Mgonjwa wa kweli hapokei simu.

Jumatano, 19 Novemba
Akina mama wamejaa kwangu. Wameomba mpaka miguu yao ikafa ganzi, halafu wakapika githeri, mahindi na maharagwe, yenye viazi na nyama. Harufu yake! Mimi nikapewa uji bila sukari.

Watiri amenikamulia ng'ombe. Akauliza ni wapi panauma. Nikasema mgongo. Jana nilikuwa nimesema tumbo. Hakubishana. Akaniwekea chupa ya maji moto mgongoni, na nyingine tumboni.

Alhamisi, 20 Novemba
Watiri tena, alfajiri, na ndoo yake. Nikamuuliza kama hachoki kuombea mtoto asiyepiga hata simu. Akafuta mikono kwa leso.

"Mama Wendy, ng'ombe hukamuliwa hata siku maziwa ni kidogo. Ukiacha, yanakauka."

Nikageukia ukuta. Wendy bado.

Jumamosi, 22 Novemba
Wendy amepiga kwa simu ya Watiri. Analia.

Kumbe jana alikuja! Alisikia niko mgonjwa sana, akapata simu yangu imezimwa, akajua nimelazwa. Akashuka Nyeri mjini, akanitafuta hospitalini, wodi kwa wodi, akiangalia nyuso za mama za watu. Jioni tajiri wake akamwita arudi kazini.

Na hiyo siku moja ya likizo alikuwa ameiomba zamani. Ilikuwa ya kesho. Angenipata kanisani bila kuniambia, na mchele wa pishori begani. Sasa imeisha, amenitafutia mahali sikuwa.

Nikamwambia nimepona. Akasema polepole, "Mami, si ungengoja tu?"

Nikamrudishia Watiri simu. Akaenda kukamua, ng'ombe wangu kwanza.

Jumapili, 23 Novemba
Nimesimama kanisani kushukuru kwa uponyaji. Wamepiga makofi sana. Mahali pa Wendy kwa benchi niliweka kitambaa changu, mtu asikae.

Nimerudi, nimepika chai ya wawili. Ya Wendy nimefunika na sahani.

Nimefikiria sana, na kosa langu nimeliona. Sikusema niko nyumbani! Kesho kutwa nitaumwa mguu. Simu nitaiacha wazi, na Watiri nimeshamwomba, bila kumwambia kwa nini, aje mapema na ndoo.